Arubuni si ya tarehe: ukumbi, harusi na jedwali lililopangwa vibaya

Leo naweka kando kidogo mambo ya seva na msimbo, ingawa kabla hamjafika mwisho mtaona kwamba sijaenda mbali. Kwa wiki chache zilizopita nimeulizwa swali lile lile na watu watatu tofauti, wote wa huku kwetu kati ya Kitale na Bungoma: "Tumesongeza harusi mbele na mwenye ukumbi amekataa kutambua dipoziti yetu. Pesa zimeenda?" Wananiuliza mimi kwa sababu walilipa kwa M-Pesa, M-Pesa iko kwenye simu, na kitu chochote kilicho kwenye simu huhesabiwa kuwa kazi ya mtu wa kompyuta. Ndio maisha yetu sisi tuliosomea fani hii.

Nimeamua kujibu hapa mara moja. Msimamo wangu ni huu: pesa ya kwanza inayolipwa kwenye ukumbi inapaswa kufungwa kwenye shughuli, isifungwe kwenye tarehe. Anayesongeza tarehe mapema na kwa sababu ya kweli hastahili kupoteza kila kitu. Lakini pia hastahili kumfanya mwenye ukumbi kuwa benki yake. Kati ya hapo kuna hesabu, na hesabu hiyo inaweza kuandikwa siku ya kulipa, kabla mtu hajakasirika.

Kisa cha Juni 2021

Mnakumbuka Juni 2021. Tarehe 17 mwezi huo, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza masharti makali ya korona kwa kaunti 13 za magharibi na eneo la ziwa. Trans Nzoia ilikuwemo na Bungoma pia. Kafyu ikaanza saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na harusi zikawekewa kikomo cha watu 30.

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye alikuwa aoe Jumamosi tarehe 3 Julai. Yeye ni wa Bungoma, bibi harusi ni wa Kitale, na ukumbi wenye bustani ulikuwa Kitale. Bei ilikuwa KSh 90,000 na mwezi Februari walikuwa wamelipa nusu, KSh 45,000. Walikuwa wamealika watu 300. Fikiria sasa: watu 30, na wageni wa kutoka Bungoma wapite Webuye, Kamukuywa na Kiminini, wale, wacheze, kisha wawe wamefika nyumbani kabla ya saa moja. Hakuna harusi hapo.

Akapiga simu. "Mama, tunaomba tusongeze hadi Desemba." Akajibiwa kwa upole kabisa: "Mwanangu, ile dipoziti ilikuwa ya tarehe tatu. Desemba ni bei nyingine na dipoziti nyingine."

Rafiki yangu akatuma picha ya skrini ya ujumbe wa M-Pesa. Mama akajibu kwamba hakatai kuwa alilipwa, anachokataa ni kwamba pesa ile inahamia Desemba. Na hapo ndipo kila kitu kilipokwama, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa hauna neno hata moja kuhusu jambo hilo. Unasema kiasi, jina la aliyepokea, siku, saa na msimbo wa muamala. Ni ushahidi mzuri sana wa pesa, lakini wa makubaliano ni mtupu.

Jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba zile 45,000 hazikuwa zake peke yake. Zilikuwa za kamati: wajomba, wenzake wa kazini, watu wa kanisani, aliyetoa 500 na aliyetoa 5,000. Kila mmoja alikuwa kwenye kikundi cha WhatsApp akisubiri kusikia pesa imefika wapi. Mwishowe wazee wawili, mmoja kila upande, walikaa na yule mama, wakakubaliana KSh 25,000 zihesabiwe kwenye harusi ya Desemba na 20,000 zibaki kwake. Harusi ilifanyika, kafyu ikiwa tayari imeondolewa tangu 20 Oktoba. Lakini kuna watu wa kamati ambao mpaka leo wanaamini kwamba bwana harusi "alikula" zile 20,000. Hiyo ndiyo hasara ambayo haimo kwenye risiti.

Tatizo ni la jedwali

Sasa ngoja niwaonyeshe kwa nini mimi kama mtengenezaji wa programu naona kitu ninachokifahamu.

Tuseme unaandika programu ya ukumbi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atatengeneza jedwali ambalo ufunguo wake ni tarehe: 3 Julai, jina la mteja, kiasi kilicholipwa. Linaonekana safi, na lina faida moja: tarehe moja haiwezi kupewa watu wawili. Lakini mteja akisongeza tarehe, utafanyaje? Huwezi kubadilisha ufunguo bila kubomoa. Utafuta mstari wa 3 Julai na kuandika mpya wa Desemba. Ukiufuta mstari, malipo yameondoka nao.

Hivyo ndivyo daftari la kaunta la kumbi nyingi lilivyo. Kila ukurasa ni tarehe. Jina la mteja limeandikwa kwa kalamu chini ya tarehe, na pesa iko pembeni mwa jina. Mwenye ukumbi anaposema "dipoziti ilikuwa ya tarehe tatu" si lazima awe mwizi. Anasoma daftari lake jinsi lilivyopangwa.

Jedwali zuri lina sehemu tatu. Kwanza ni shughuli, yenye nambari yake isiyobadilika: harusi ya fulani na fulani, nambari 0147. Pili ni siku, ambayo imeshikwa na shughuli 0147 na inaweza kuachiliwa ikashikwa nyingine. Tatu ni malipo, ambayo yanaielekea 0147 na hayajui habari za tarehe kabisa. Siku ikihama, pesa haina haja ya kuhama kwa sababu haikuwa hapo.

Kisha shughuli inahitaji hali zaidi ya mbili. Wengi wana "imelipwa" na "imefutwa" tu. Weka pia "imesongezwa". Kusongeza na kufuta ni vitendo viwili tofauti, na ugomvi mwingi unaanza pale mteja anaposema la kwanza na mwenye ukumbi akaandika la pili.

Arubuni au amana?

Kiswahili chenyewe kilishatusaidia, ila tumekizoea neno "dipoziti" mpaka tukasahau. Tuna arubuni: malipo ya kwanza ya kuonyesha kwamba kweli unataka kitu, ili muuzaji asimpe mwingine. Tuna amana: kitu ulichomwekea mtu akutunzie, nacho kikirudi kinarudi kizima.

Mteja anapolipa, kichwani mwake ni amana. Mwenye ukumbi anapopokea, kichwani mwake ni arubuni. Wote wawili wanasema "dipoziti", wanapeana mikono, wanaagana. Programu mbili zinazobadilishana data kwa jina moja la safu lakini kila moja ina maana yake, sisi tunajua mwisho wake.

Kwa maoni yangu pesa ya ukumbi ni arubuni, na mteja alikubali hilo alipoiomba tarehe ishikwe. Lakini arubuni inalipia kitu fulani: inalipia hatari ya mwenye ukumbi kubaki na siku tupu. Hatari hiyo isipotokea, au ikitokea kidogo, kubaki na pesa yote hakuna msingi.

Msimdharau mwenye ukumbi

Kabla hamjanishangilia, tazameni upande wa pili. Huku kwetu Jumamosi hazilingani. Desemba watu wamevuna mahindi, jamaa wa Nairobi wamerudi nyumbani, na kila mwenye bustani Kitale anatafutwa. Aprili na Mei mvua inanyesha karibu kila alasiri na bustani hiyo hiyo inakaa tupu. Anayehama kutoka Mei kwenda Desemba habadilishi siku moja kwa nyingine ya aina ile ile. Amechukua siku ya bei ghali kwa pesa ya siku ya bei rahisi.

Upande wa Bungoma ongeza jambo lingine. Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara kwa Wabukusu. Mahema, viti, masufuria makubwa na vipaza sauti vyote viko kazini. Ukimwambia mtu wa mahema wiki tatu kabla kwamba umesongeza harusi yako hadi Agosti 2026, usishangae akicheka.

Na kuna mteja anayesema "tumeahirisha, tutakujulisha", kisha kimya miezi minane. Huyo anashikilia ukumbi mateka. Kuahirisha bila kutaja siku mpya, baada ya muda fulani, kuhesabiwe kuwa kufuta. Pia kuna pesa iliyokwisha tumika: mlinzi, rangi, jenereta, wapishi waliolipwa nusu. Ukumbi mdogo hauna akaunti ambamo dipoziti zinakaa zikisubiri. Kwa hiyo kudai fedha taslimu kesho asubuhi mara nyingi ni kudai kitu ambacho hakipo. Kudai ihesabiwe kwenye siku nyingine ni jambo linalowezekana.

Sheria inasemaje?

Mimi si wakili, nawaeleza ninavyoelewa. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inaleta hapa kanuni za mikataba za Uingereza. Na Waingereza walishagombania jambo hili hili zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa sababu ya sherehe iliyoahirishwa na mfalme mwenyewe.

Mfalme Edward VII alikuwa atawazwe 26 Juni 1902. Siku mbili kabla, ikatangazwa kwamba anaumwa na atafanyiwa upasuaji. Sherehe ikasogezwa hadi 9 Agosti. Bwana mmoja, Henry, alikuwa amekodi vyumba vya Krell pale Pall Mall, London, aone msafara. Bei ilikuwa pauni 75, na 25 alikuwa amelipa. Krell akamshtaki kwa zile 50 zilizobaki. Mwaka 1903 mahakama ikasema Henry halazimiki kulipa, kwa sababu msafara ndio uliokuwa msingi wa mkataba na msafara haukupita siku hizo. Kesi nyingine ya wakati huo huo ikaacha kanuni kwamba kilicholipwa kabla kinabaki kilipo. Kanuni hiyo ilidumu hadi mwaka 1942, ambapo Mabwana wa mahakama ya juu ya Uingereza waliivunja: aliyelipa na asipate chochote kabisa anaweza kurudishiwa.

Kwa hiyo, serikali ikizuia shughuli yenyewe, mteja ana hoja yenye nguvu. Lakini angalieni: Juni 2021 ndoa haikupigwa marufuku. Kilichozuiwa ni karamu ya watu 300. Je, ukumbi wa watu 300 ukitumiwa na 30 mkataba umevunjika au umepungua tu? Hapo mawakili wawili watakupa majibu matatu.

Tena kanuni hiyo haimsaidii anayeahirisha kwa sababu zake mwenyewe. Na mara nyingi huku kwetu sababu si gonjwa la dunia nzima. Ni msiba nyumbani, na hakuna atakayecheza harusi na matanga bado hayajaisha. Kibinadamu kila mtu anaelewa. Kisheria, kama hamkuandika kitu, unategemea huruma.

Kuna mambo mawili yanayomfaa mteja wa Kenya. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji na kulindwa kwa masilahi yake ya kiuchumi. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema mkataba ukiwa na utata unaoweza kusomwa kwa njia zaidi ya moja, usomwe kwa faida ya mtumiaji. Mwenye ukumbi anayefikiri kwamba kutoandika kunamlinda, hajui kwamba utata unaweza kumgeukia.

La pili ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Aprili 2021 Milimani, Nairobi. Inasikiliza madai hadi KSh 1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Haifungwi kabisa na kanuni ngumu za ushahidi, lakini hakimu bado atataka kuona mlikubaliana nini. Ulizeni kwenye masjala ya mahakama iliyo karibu nanyi kabla ya kukata tamaa, lakini jueni kwamba mnaweza kushinda kesi na bado mkose ukumbi.

Ninavyopendekeza

Haya ndiyo masharti ambayo ningeyaandika kama ningekuwa na ukumbi, na ambayo ningeyaomba kama ningekuwa bwana harusi. Yanatosha ukurasa mmoja, au ujumbe mmoja wa WhatsApp ambao upande wa pili unajibu "Nimekubali".

1. Kila shughuli ipewe nambari. Malipo yote yataje nambari hiyo.

2. Kusongeza maana yake ni kutaja siku mpya ndani ya siku 30, na siku hiyo iwe ndani ya miezi 12. Mara moja tu. Bila siku mpya, imefutwa.

3. Ukisongeza ikiwa imebaki siku 60 au zaidi, arubuni yote inahesabiwa kwenye siku mpya. Ikiwa imebaki kati ya 30 na 60, nusu. Chini ya 30, inabaki kwa ukumbi.

4. Lakini siku ile ya zamani ikipata mteja mwingine, arubuni yote inahesabiwa, hata kama ulisongeza wiki moja kabla. Ukumbi haukupoteza siku, basi usilipwe mara mbili kwa siku moja.

5. Siku mpya ikiwa ya msimu wa bei ya juu, mteja anaongeza tofauti ya bei. Bei ya msimu iandikwe tangu mwanzo, isitungwe siku ya kusongeza.

6. Serikali ikizuia au ikipunguza watu chini ya nusu ya walioalikwa, arubuni yote inahamia siku mpya kwa bei ile ile. Mteja akitaka kufuta kabisa, anarudishiwa baada ya kutoa gharama zinazoonyeshwa kwa risiti.

7. Ukumbi ukishindwa wenyewe, kwa mfano umewapa watu wawili siku moja, unarudisha yote ndani ya siku 14.

Sharti la 4 ndilo ninaloliamini kuliko yote, na ndilo litakalopingwa kuliko yote. Mtu ataniuliza: mteja atajuaje kama siku yake ya zamani ilipata mwingine? Jibu ni kwamba Kitale si kubwa. Harusi ina muziki, na muziki unasikika. Lakini bora zaidi, ukumbi uweke kalenda yake wazi, hata kwenye ukurasa mmoja wa bure wa intaneti, ikionyesha siku zilizoshikwa bila majina. Kalenda ya namna hiyo mwanafunzi anaweza kuitengeneza kwa wikendi moja.

Jambo dogo la simu

Kama ukumbi una Paybill, kuna sehemu ya namba ya akaunti unayojaza kabla ya kutuma. Wengi huandika jina lao au "harusi". Andikeni nambari ya shughuli. Hapo malipo yanakuwa yameshikamana na shughuli tangu dakika ya kwanza, na hakuna mtu anayeweza kusema baadaye kwamba ilikuwa ya tarehe fulani. Till ya Lipa na M-Pesa haina sehemu hiyo, wala kutuma kwa namba ya simu ya mtu. Kwa hizo, tuma ujumbe dakika ile ile: msimbo wa muamala, nambari ya shughuli, na maneno "kwa masharti tuliyokubaliana". Ngojea jibu. Usiridhike na alama mbili za buluu.

Msitegemee picha za skrini peke yake pia. Kwenye mahakama ya kawaida, Sheria ya Ushahidi inataka rekodi za kielektroniki ziambatane na cheti kinachoeleza zilitolewaje na nani. Simu ikipotea au ikibadilishwa, mazungumzo yameondoka. Nakili mapema, na mtu mwingine wa kamati awe na nakala.

Najua kuna watakaosema kwamba kuandikiana masharti ni kutoaminiana, hasa pale mwenye ukumbi anapokuwa mtu wa kanisa lenu au rafiki ya shangazi. Mimi naona kinyume. Yule mama wa Kitale na rafiki yangu walikuwa wanaaminiana siku ya kwanza, ndiyo sababu hawakuandika. Leo hawasalimiani. Ukurasa mmoja ungewabakizia salamu zao, na kamati ingejua 20,000 zilienda wapi.

Kama wewe una ukumbi, hema au kampuni ya upishi huku magharibi na unaona masharti haya yanakuonea, andika hapa chini uniambie ni lipi na kwa nini. Na kama wewe ni msanidi programu unayetafuta mradi wa kujifunzia, achana na programu nyingine ya orodha ya kazi za nyumbani. Tengeneza kalenda ya kumbi za Kitale na Bungoma. Ila tafadhali, ufunguo wa jedwali usiwe tarehe.